Mikate Katikati ya Miye na Mama Mukwe

Bapetit, musiniite vieux. Niko na miaka makumi tatu na moja, meno yangu yote iko, na nikinyoa ndevu bantu banafikiri ninaenda kufanya komunyo ya kwanza. Lakini niko retraité, kazi nimeiacha. Mugongo yangu njo iliandika barua ya retraite, haikuniuliza. Miaka kumi na mbili nilikuwa manseba, nilipeleka bantu Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, Kasenga. Sasa ninashonaka basiège ya moto, viti ya pikipiki, huku mu Annexe, pale munapitaka kila asubui na klakson ya buzoba na bujinga. Munaikala pa mousse yangu, ile sponji, munaenda, munarudia na kiuno imevunjika, kisha munasema siège ni mubaya. Siège haiko mubaya. Ni weye haujue kushuka.

Kupanda moto, kila muntu anajua. Kushuka njo kazi.

Mbele niendelee, neno moja. Manseba, munajua, ni ndugu ya mama yako, mujomba. Njo ule bantu banaendaka kulomba kama mambo imekuwa nguvu ku nyumba. Sijue nani alitupatia ile jina siye bantu ba moto mu Lubumbashi. Client anainua mukono mu njia: "Manseba, unipeleke Bel-Air." Hamujuane, lakini tayari uko mujomba yake. Mushike ile neno muzuri, nitairudilia.

Wakati nilianza kazi, ku bavette ya moto yangu, ule mupira wa nyuma wa kuzuia potopoto, niliandikisha na rangi nyekundu: SANS ARRÊT. Bila kusimama, njo jina yangu ilikuwa. Siku moja nilitoka huku mupaka Kolwezi bila kuweka muguu chini, isipokuwa kutiya essence, mafuta ya moto, na hata pale nilibakia juu ya siège. Nilifika, client akashuka, akasema aksanti. Nikajaribu kushuka. Miguu ilikataa. Kutoka mu kiuno kuenda chini hakukuwa muntu. Haya iliniingia, nikabakia juu ya moto mu parcelle, kiwanja ya bantu, ninapiga masolo kama pasteur. Banafikiri ninangojea chakula. Baliniletea bukari na samaki, nikakulia pale juu. Ginsi nilikuja kushuka, ile sitaisema, batoto balikuwa banaangalia.

Mukubwa yangu ya kazi, Ya Kapend, alicheka mupaka akakala chini. Yeye alikuwa anasimamaka ku kila daraja, anashuka, anakojoa, anazunguka moto mara tatu, anakunywa mayi kidogo, anapanda. Kila siku tulimuchekelea. Aliniuliza: "Petit, moto unaifanyiaka vidange?"

"Ndiyo, Ya Kapend."

"Unangojeaka moteur ife, kisha unamwanga mafuta?"

"Hapana. Ninamwanga mbele."

"Sasa vidange yako weye iko wapi?"

Nilicheka. Sikusikia. Muntu wa miaka makumi mbili anasikiaka na meno.

Kintu kilinifungua masikio ni safari ya Kasenga.

Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi yetu yenye inafanya muntu anavaa koti mbili za kombo, zile za mitumba. Simu ililia mbele jua itoke. Ndugu mudogo ya mama mukwe yangu alikuwa amekufa kule Kasenga, na banamuzika siku ileile, saa tisa ya muchana, juu ya kukosa frigo ya kutunza maiti. Kwa bibi yangu Mado, ule marehemu njo alikuwa manseba ya kweli, manseba ya damu. Mama mukwe hakulia. Alisema neno moja: "Nitamuona uso." Basi, kama sanduku inafungwa mbele afike, imeisha. Gari ya Kasenga ilikuwa imekwisha kutoka. Mado alikuwa na mutoto wa wiki mbili ku maziwa. Ilibakia moto, na mwenye moto ni miye.

Benye hamuyaoa, musikie muzuri. Kwetu mama mukwe, haumuangalie mu macho. Haukule mbele yake, na yeye hakule mbele yako. Haumushike mukono. Mukikutana mu njia ndogo, unaingia mu majani, apite. Jina yake hauiite. Ile heshima njo bukwe. Miye mupaka leo ninamwitaka Mama ya Mado. Na ule mama njo banamupandisha nyuma yangu, pa siège moja, kilometre mia mbili.

Parcelle yote ilitoka kuangalia. Jirani mumoja akasema: "Bukwe ya namna hii hatuyaonaka."

Mado iko na akili kushinda miye na nyinyi wote pamoja. Alichukua mufuko, akaweka mikate ya kukaanga na mayai ya kutokosha, akaipanga pa siège, katikati.

"Hii ni mupaka," akasema. "Tena ni chakula. Mama iko na maladie ya sukari, amemeza kinini yake sasa hivi, na ile dawa bila chakula inashusha sukari mupaka muntu anaanguka. Kila saa moja unasimama, akule kidogo, aende mu majani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na masikio ao na kichwa?"

"Mado, miye niko manseba tangu miaka ngapi?"

"Njo ile inaniogopesha."

Mama ya Mado alizunguka nyuma ya moto, akasoma bavette polepole, kama muntu anasoma barua ya tribunal. Alipanda, akashika chuma ya nyuma na mikono mbili.

Nikafanya kosa ya kwanza mbele hata moto itembee, na nilifikiri ni heshima. Nilipindua barétroviseur, vioo ya kuangalia nyuma, yote mbili, moja inaangalia mbingu, ingine inaangalia majani, juu nisione uso yake. Bapetit, muko munacheka. Mungojee.

Saa moja ilipita. Nilijua imepita. Lakini utasema nini? "Mama, unataka kuenda kukojoa?" Ku mama mukwe? Ile maneno moja inalombaka mbuzi ya faini. Nikafanya akili yangu. Nikasimama mu pori, nikasema na sauti ya kuambia miti: "Ninaangalia chaîne."

Nikaangalia chaîne, ile munyororo ya moto, dakika kumi. Ilikuwa chaîne ya mupya. Yeye alibakia juu ya moto, anaangalia upande ingine. Hakushuka, juu kushuka ni kusema iko na haja. Hakukula, juu miye nilikuwa pale. Na miye sikuenda mbali, juu nani anaachaka mama mukwe mu pori? Tukaondoka. Nikasema mu roho, njo arrêt, nimefanya. Uongo. Moto njo ilipumuzika, bantu hapana.

Pa Minga nilisimama ku essence. Banaume balijaa pale, banaangalia. Hakushuka.

Nilianza kuangalia jua kuliko njia. Macamion ilikuwa inatupita, inatuachia vumbi nyekundu, nakohoa, natema, napandisha tena. Mu kichwa yangu kulikuwa kintu moja: saa tisa, saa tisa. Kisha moto ikaanza kuvuta kuume. Naivuta kushoto, inarudia kuume. Nikasema ni pneu, imepunguka pumzi. Kisha casque yake, kofia ya moto, ikanigonga mu mugongo, tok. Nikasema ni shimo. Tok ingine. Nikaangalia njia. Pale njia ilikuwa sawa kama meza.

Ule mama hangenigusa hata na mwavuli. Njo baridi ya kweli ikaniingia, ile koti haizuiake.

Nikataka kuangalia mu kioo. Kioo kilinionyesha mbingu.

Mbele yetu papa mumoja alikuwa anasukuma kinga, baiskeli yenye mifuko tatu za makala. Akatuona, akaacha kusukuma, akainua mikono: "Manseba, mama anaanguka nyuma yako."

Nikikanyaga frein kwa nguvu, anaruka. Nikiacha, anaanguka mu njia, na camion iko nyuma. Nikashusha mwendo polepole, miguu yote mbili inakokota mu vumbi. Mukono yangu ya kushoto ikatoka ku guidon, ikaenda nyuma, ikasimama mu hewa. Bukwe yote ya babu zetu ilikuwa ku ile vidole tano. Kisha nikamushika, koti, kitenge, mukono, kila kintu nilipata. Mukono yake ilikuwa na jasho kama ya muntu anafua. Mu ile baridi.

Papa ya makala alitupa kinga yake mu majani, akamupokea. Tukamukalisha chini, mugongo ku muti. Macho ilikuwa wazi, lakini haikukuwa inaangalia siye.

"Ni mama yako?" ananiuliza.

"Ni mukwe."

Akaniangalia ginsi banaangaliaka muntu nyumba yake inaungua. "Iko na nini?"

"Sukari. Amemeza kinini, hakukula."

"Juu ya nini hakukula?"

Nikamuonyesha siège. Mikate ilikuwa pale, mu mufuko, ingali na moto ya mugongo yangu. Kutoka Lubumbashi tulibeba chakula katikati yetu, kila muntu anasikia harufu, hakuna mwenye kusema.

Papa akaelewa yeye mwenyewe. Akatoa bidon ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, ku kinga. "Iko na sukari?" nikauliza.

"Bibi yangu anatiyaka sukari kama anataka kuniua."

"Umupatie weye."

"Na weye?"

"Miye niko mukwe."

"Basi geuka."

Nikageuka. Nikasimama, uso ku pori. Bapetit, mu miaka kumi na mbili ya moto, nimeonaka frein inakatika mu mutelemuko, nimeonaka camion inanifuata na matako. Lakini hakuna kintu kilinichosha kama kusimama pale, ninasikia tu. Ninasikia kopo inagonga meno. Ninasikia munkoyo inamwangika mu majani.

"Anameza?"

"Ngojea."

"Anameza?"

"Manseba, ngojea. Ninamupatia kidogo-kidogo, haiko kutiya essence."

Nikahesabu miti. Nikafika makumi saba, nikaanza tena. Nilikuwa ninawaza ginsi nitarudia ku Mado. Nitasimama mu mulango, nitasema nini? Nilikuwa naheshimu mama yako mupaka akakufa?

Kisha sauti, chini sana: "Manseba."

Nikafikiri anaita ndugu yake, ule marehemu, na marehemu anamuitika.

"Manseba ya moto. Ni weye ninaita."

Nikajibu bila kugeuka. "Ndiyo, mama."

"Unapelekaka baclient namna hii? Muntu analipa, hata haumuulize kama anataka kushuka?"

Ilichukua wakati kuingia mu kichwa yangu. Tangu nilioa Mado, ule mama hakuniitaka jina yoyote. Mukwe haina jina. Lakini manseba ni ya kila muntu mu njia. Kwa ile neno moja alinitosha mu bukwe, akaniweka mu kazi. Mukwe haumuambie "nataka kukojoa." Manseba unamuambia.

"Unisamehe, cliente," nikaambia miti. "Ni mara ya kwanza kupeleka muntu wa maana."

"Mikate iko?"

"Iko, cliente."

"Uniachie ule mufuko. Kisha uende kuangalia chaîne yako yenye inaharibikaka sana. Uende nayo mbali. Nitakuita."

Papa ya makala akacheka mupaka akashika kinga yake. Nikasukuma moto hatua mia. Na miye nikafanya vidange. Ya Kapend angeniona.

Aliponiita, uso yake ilikuwa imerudia, hata kama sikuangalia sana. Jua ilikuwa inasema saa tano imepita. Ilibakia nusu ya njia, na ile nusu njo mubaya. Nikamwambia kweli: "Cliente, tukisimama kila wakati, sijue kama tutamukuta."

"Tusiposimama, batachimba mashimo mbili."

Nikarudisha rétroviseur moja, ya kuume. "Mu hii kioo," nikasema, "nitaona casque tu."

"Casque haina bukwe," akajibu.

Papa ya makala akatuachia kopo moja ya munkoyo mu chupa. Hakutaka kitu. Akasema tu: "Manseba, uniangalie ule client."

Sasa mutoe makalamu, bale benye banajua kuandika. Arrêt ya kweli ni hii. Haungojee mwili ilombe. Ikilomba, umekwisha kuchelewa. Unachagua fasi mbele, unasema na sauti: "Cliente, ku kile kilima tunashuka." Muntu akijua mwisho iko wapi, anavumilia. Unasimama fasi yenye iko na majani marefu upande moja na bantu upande ingine, juu pori tupu haiko muzuri na soko haiko muzuri. Dakika tano. Weye unaenda mbele, yeye nyuma. Unazunguka moto mara tatu, unatupa mabega, unakunja magoti. Mayi kinywa moja, hapana chupa yote. Baridi ikiwa, carton mu kifua chini ya koti, na unaitosha jua ikipanda, kama hapana unatoka jasho kisha unaganda. Mikono ikikufa ganzi, haiko baridi, ni kushika guidon kama unanyonga kuku. Ulegeze. Na kila wakati unapandisha client, unauliza, unangojea jibu. Kimya haiko jibu.

Leo munatiya réveil mu telefone, inalia kila saa. Ni muzuri. Lakini telefone haijue kama nyuma yako iko mama mwenye haweze kusema.

Tulifanya vile. "Manseba, arrêt," ninasimama. Pa Kasomeno camion ilikuwa imelala katikati ya njia, tukapoteza karibu nusu saa kupitisha moto mu mitaro. Nikaanza kukimbiza. Mu kioo ninaona casque, iko wima, inatikisika, iko wima. Saa nane ikapita. Tulianza kuona bantu benye banavaa nguo ya kilio mu kando ya njia, banatembea mbele yetu. Nikasikia mu mugongo: "Manseba, arrêt."

"Cliente, tuko karibu."

Nikapiga tena moteur. Bantu ba kilio balikuwa banatuangalia, mumoja akafanya ishara na mukono, haraka, haraka.

"Manseba."

Nikasimama. Roho yangu ilikuwa inakimbia bila moto. Akashuka polepole, akakula kipande ya mwisho ya mukate nyuma ya muti. Akazunguka moto mara tatu, ginsi aliniona ninafanya. Akafunga kitenge yake upya, akapangusa vumbi ku uso.

"Ninataka kufika na miguu yangu," akasema. "Banibebe sababu gani? Bako na muntu mwingine wa kubeba."

Tulifika, mufuniko ulikuwa tayari juu ya sanduku, na kijana mumoja iko na marteau, nyundo, mu mukono. Mama ya Mado hakukimbia. Alitembea muzuri, bantu banamufungulia njia. Aliweka mukono juu ya mufuniko, na ule kijana akaweka marteau chini. Bakafungua. Akaangalia uso ya ndugu yake wakati murefu. Miye nilibakia mbali, kwa banaume, ninasikia anamuita: "Manseba wa batoto yangu." Pale njo alilia.

Magaribi nilikutana naye mu njia ya choo. Nikaingia mu majani, akapita, hakuna aliyeangalia mwingine. Casque ilikwisha kutoka, bukwe ilirudia fasi yake.

Ile bavette niliikata na kisu siku nilirudia. Lakini musifikiri nilibadilika yote. Client nilikuwa ninamusimamisha vile inafaa. Miye mwenyewe, nilikuwa ninajisahau. Miaka ikapita, mugongo ikaanza kulia, kisha miguu kuwaka usiku. Daktari alisema niache. Nikasema nimesikia. Mado akalia. Ya Kapend akanicheka, na mara hii kicheko haikukuwa na furaha. Nikaendelea na kinini ya maumivu, moja asubui, moja muchana.

Siku moja ya asubui niko mu parcelle, moto inawaka, ninajaribu kupitisha muguu juu ya siège. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili. Nikaishika na mikono, nikaipandisha kama mufuko ya makala. Nikavaa casque.

Mama ya Mado alikuwa amekuja kuona bajukuu. Akatoka mu nyumba, akasimama karibu na portail, mulango ya kiwanja, akanipatia mugongo vile desturi inalomba, uso ku ukuta ya jirani.

"Manseba," akaambia ukuta. "Arrêt."

Mado alikuwa mu mulango na mutoto.

"Cliente," nikasema, "tuko karibu."

Hakugeuka.

"Manseba."

Nikazima moto. Nikashuka.